Damu yake inaenda wapi?

Mtoto wa kwanza asubuhi ile alikuwa mvulana wa miaka 10. Alikaa kwenye benchi mbele ya meza yangu akanyoosha mkono kabla sijamwambia, kama mtu aliyezoea kuchomwa. Vidole vilikuwa vya baridi. Nikavisugua kidogo katikati ya viganja vyangu, nikafuta kidole cha tatu kwa spiriti, nikasubiri kikauke, nikachoma. Tone la kwanza huwa nalifuta, kwa sababu limechanganyika na majimaji ya mwilini na linaweza kudanganya kipimo. Tone la pili ndilo la kazi. Wala simminyi mtoto kidole hata foleni ikiwa ndefu namna gani, maana kuminya nako huleta majimaji yale yale. Kwa kawaida tone la pili hukaa juu ya ngozi kama shanga. La mtoto huyu halikukaa. Liliteleza upande wa ukucha, jepesi, limepauka, nikajua kabla ya kipimo kwamba kiwango chake cha damu kiko chini ya 8, yaani upungufu mkali.

Kipimo kikaandika 6.8.

"Unajisikiaje?" nikamuuliza.

"Mzima."

Hakuwa anadanganya. Damu ikishuka ghafla mtu huanguka, lakini ikishuka polepole kwa miezi mwili hujipanga upya. Moyo unapiga haraka zaidi, pumzi zinaongezeka, na mtoto anaanza kuacha mambo bila kujua kwamba ameyaacha. Kwanza anaacha kukimbia. Halafu anaacha kubishana na wenzake. Baadaye anahamia dawati la nyuma, analaza kichwa kwenye mkono, na muhula ukiisha anaandikiwa kwenye ripoti kwamba hana bidii.

Nimefanya kazi ya maabara kwa miaka 17, na 6 ya mwisho nimekuwa nikizunguka na timu ya afya ya shule. Nimeona ripoti nyingi za namna hiyo mikononi mwa wazazi. Ziko ninazozikumbuka kwa namba ya damu iliyokuwa nyuma yake: "mzito wa kuelewa", 8.1. "Anasinzia darasani", 7.4. "Anaweza kufanya vizuri zaidi akijituma", 9.0.

Kwa mtoto wa miaka 5 hadi 11 tunaita upungufu wa damu pale hemoglobini, ile protini nyekundu inayobeba oksijeni kwenye damu, inapokuwa chini ya gramu 11.5 kwa desilita. Kwa wa miaka 12 hadi 14, chini ya 12. Ikishuka chini ya 8 ni upungufu mkali kwa wote. Takwimu ambazo Shirika la Afya Duniani lilizikusanya kutoka nchi mbalimbali kati ya mwaka 1993 na 2005 zilikadiria kwamba watoto wa umri wa shule milioni 305 walikuwa na upungufu wa damu, yaani asilimia 25.4 ya watoto wa umri huo duniani. Mzigo mkubwa uko Afrika na Asia. Namba ya namna hiyo ni kubwa mno kuihisi. Mimi huihisi ninapoona benchi lina watoto wanne wamekaa wakisubiri zamu yao.

Baba wa yule mvulana alikuja mchana. Tulimwita kwa sababu 6.8 si namba ya kumrudisha mtoto darasani. Ilibidi aende hospitali siku ile ile. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali ambalo ndilo limenifanya niandike leo.

"Daktari, mwaka jana alipewa vidonge vya kuongeza damu. Tukaambiwa imepanda. Sasa imekwenda wapi tena?"

(Mimi si daktari, lakini ukivaa koti jeupe kila mtu anakuita hivyo, na nimeacha kubisha.)

Swali lake ndilo swali sahihi, na siku hizi naamini ndilo pekee linalostahili kuulizwa kwanza. Tumezoea kuuliza mtoto apewe nini. Tunakimbilia kopo la vidonge kama mtu anayejaza pipa linalovuja, kila asubuhi ndoo moja, na kila jioni anashangaa kulikuta tupu. Damu ya mtoto hupungua kwa njia tatu tu: haitengenezwi ya kutosha, au inatoka nje, au inavunjwa ndani kwa ndani. Tatizo la watoto tunaowapima shuleni ni kwamba mara nyingi njia zote tatu ziko wazi kwa mtoto mmoja, kwa wakati mmoja, na kila moja inazificha nyenzake.

Mvulana yule alileta kikopo cha choo kesho yake, kabla hajaanza dawa. Nitaeleza kazi hii kwa urefu kidogo kwa sababu watu wengi hawajawahi kuiona. Unachukua choo kidogo, unakipitisha kwenye wavu mwembamba ili makapi yabaki, unakijaza kwenye tundu la kibao kidogo ambalo limepimwa kubeba miligramu 41.7, unakiacha juu ya slaidi, unakifunika kwa kipande cha selofani kilicholowekwa kwenye gliserini, kisha unageuza slaidi na kuigandamiza mpaka itandae. Gliserini inafanya choo king'ae mithili ya kioo, na mayai ya minyoo yanaonekana. Ila mayai ya minyoo ya safura yana ganda jembamba sana, na gliserini hiyo hiyo huendelea kuyang'arisha mpaka yanatoweka. Una nusu saa, saa moja kwa kujikaza. Ukienda kunywa chai ukarudi, slaidi imekuwa safi na mtoto ameandikiwa "hana minyoo".

Nimeona hilo likitokea katika maabara niliyofanyia kazi nikiwa kijana, si mara moja. Slaidi za asubuhi zilikuwa zinasomwa saa nane mchana kwa sababu mtu wa hadubini alikuwa mmoja. Majibu yakatoka mazuri kabisa. Hakuna aliyefanya kwa nia mbaya. Lakini wale watoto walirudi nyumbani na karatasi iliyosema hawana kitu.

Ya mvulana niliisoma papo hapo. Yai la safura ni zuri, sina neno lingine: la mviringo wa yai la kuku, ganda jembamba kama uzi wa buibui, na ndani yake chembe nne au nane zimekaa pamoja kama punje zilizofunikwa. Nilihesabu 190. Ukizidisha kwa 24 unapata idadi ya mayai katika gramu moja ya choo: 4,560. Kuanzia 4,000 tunaita maambukizi makali.

Ndiko damu ilikokwenda.

Neno "safura" lenyewe linanigusa kila ninapoliandika kwenye daftari. Wahenga walilitumia kwa ugonjwa wa mtu aliyepauka, anayevimba, asiye na nguvu, na asili yake ni neno la Kiarabu la rangi ya manjano. Sisi wa maabara tukalichukua tukawapa minyoo: minyoo ya safura. Kwa hiyo Kiswahili kimeweka ugonjwa na chanzo chake katika neno moja, wakati wazungu ilibidi wajifunze kwa tabu. Mwaka 1880, wafanyakazi waliokuwa wakichimba handaki la reli la Gotthard katika milima ya Alps walipauka na kuishiwa nguvu kwa wingi, na ndipo ilipogundulika kwamba matumbo yao yalikuwa yamejaa minyoo hii. Handaki lilikuwa na joto, unyevu, wanaume wengi na hakuna vyoo. Mwishoni mwa miaka ya 1890, mjini Cairo, mtafiti Mjerumani aitwaye Arthur Looss alimwagikiwa mkononi na maji yenye viluwiluwi vya minyoo hao. Ngozi ikamwasha, ikawa nyekundu. Baada ya wiki kadhaa akakuta mayai kwenye choo chake mwenyewe. Hivyo ndivyo dunia ilivyojua kwamba huyu mnyoo haingii kwa mdomo tu. Anapita kwenye ngozi.

Kwa mtoto wa shule ngozi hiyo ni ya mguu. Yai likianguka kwenye udongo wenye unyevu na kivuli huanguliwa ndani ya siku moja au mbili, na katika muda wa wiki moja hivi kiluwiluwi kiko tayari kumngojea anayepita. Kikiingia husafiri na damu mpaka mapafuni, hupanda na makohozi hadi kooni, humezwa, kikafika kwenye utumbo mwembamba. Hapo hujishika ukutani na kuanza kunywa. Aina moja hunywa takriban mililita 0.03 kwa siku, nyingine kubwa zaidi hufikia mililita 0.2. Ni kidogo mno kuonekana kwa macho, kwa hiyo usitegemee kuona choo chekundu.

Hebu fanya hesabu pamoja nami. Mtoto wa kilo 25 ana damu isiyofika lita 2. Akiwa na minyoo 100 ya ile aina ndogo, anapoteza mililita 3 kwa siku, karibu mililita 90 kwa mwezi. Ndani ya mililita 3 za damu kuna zaidi ya miligramu 1 ya madini ya chuma. Utumbo hurudisha sehemu yake, lakini si yote. Na kiasi cha chuma ambacho mwili wa mtoto wa umri huo hufanikiwa kufyonza kutoka kwenye chakula cha siku nzima ni takriban hiyo hiyo miligramu 1. Sasa unaona kwa nini vidonge vilipandisha damu ya yule mvulana kisha ikashuka. Mnyoo mmoja huishi miaka kadhaa. Vidonge alivyoandikiwa vilikuwa vya miezi miwili tu.

Utafiti uliofanyika kwa watoto wa shule kisiwani Pemba miaka ya 1990 ulipiga hesabu hiyo kwa watoto zaidi ya 3,500. Zaidi ya nusu walikuwa na upungufu wa damu. Wakachambua kila chanzo kinachangia kiasi gani: minyoo ya safura ilibeba asilimia 25 ya upungufu wote, asilimia 35 ya ule unaotokana na kukosa chuma, na ukifika kwenye upungufu mkali, asilimia 73. Namba hii ya mwisho ndiyo inayonirudisha kwenye hadubini kila nikipata mtoto chini ya 8.

Lakini dawa ya minyoo peke yake haimrudishii mtoto damu. Hapa watu hujikwaa upande wa pili. Kidonge kimoja cha albendazoli cha miligramu 400 huwaondoa wengi wa minyoo hao, na ni vizuri sana kwamba mwaka 2001 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilikubaliana kuwafikia angalau asilimia 75 ya watoto wa shule walio hatarini. Ila albendazoli imeziba tundu tu. Maji yaliyokwisha kumwagika hayarudi yenyewe. Chuma kilichopotea kwa miaka miwili lazima kirudishwe kwa vidonge na chakula, kwa miezi, na hata damu ikifika 11.5 huwa tunaendelea ili akiba nayo ijae. Na mtoto akirudi kukanyaga udongo ule ule nyuma ya choo kile kile, ndani ya miezi michache anaanza upya.

Nasema nyuma ya choo kwa sababu ndiko watoto wanakokwenda choo kikiwa hakiingiliki. Mimi nikifika shule mpya, kabla ya kufungua sanduku langu huenda kuangalia vyoo. Mlango upo? Maji yapo? Kuna njia ndogo iliyokanyagwa inayoelekea kichakani? Ile njia ndogo hunieleza mengi kuliko daftari la mahudhurio.

Kuhusu vile vidonge vya mwaka uliopita, niliuliza zaidi. Baba akaniambia kwa sauti ya chini kwamba waliviacha baada ya wiki mbili. Choo cha mtoto kilikuwa cheusi wakadhani anatokwa na damu tumboni. Hawakuwa wameambiwa. Chuma hufanya choo kiwe cheusi, ni kawaida, na wakati mwingine huleta kichefuchefu au choo kigumu. Sentensi hiyo moja ingesemwa dirishani siku ya kupokea dawa, wazazi wale wasingeogopa. Mtu aliyeogopa akaacha dawa amemlinda mwanawe kwa alichojua. Sitaki kusikia akiitwa mzembe.

Sasa nizungumzie wa kwangu.

Binti yangu alikuwa na miaka 12 na miezi kadhaa. Alianza kuchelewa kuamka, akawa mkali, akiulizwa analia. Mwalimu wake akaniita akasema mtoto amebadilika, hana hamu ya shule. Nikamwambia binti alale mapema. Nikamnyang'anya simu. Siku moja nafua sketi yake ya shule nikakuta mfukoni vipande vya chaki vyenye alama za meno.

Nilikaa chini pale pale karibu na beseni. Kula chaki, udongo, mkaa, barafu, mchele mbichi, ni jambo ambalo nimewafundisha wauguzi wanafunzi kwa miaka. Mtu mwenye upungufu wa chuma hupata hamu ya vitu visivyo chakula, na kitu anachokitafuna mara nyingi hakina chuma chochote chenye faida, udongo ukizidi unaweza hata kuzuia chuma kilichomo kwenye chakula kisifyonzwe. Jioni nilimpima kwa mkono wangu. 8.9. Alikuwa ameanza hedhi miezi 7 kabla, nyingi, siku 7 au 8 kila mara, na hakuniambia ni nyingi kwa sababu hakujua kwamba kuna chache. Alidhani ndivyo ilivyo kwa kila msichana.

Nilimpima baada ya kupima watoto wa watu wengine mia kadhaa mwaka ule. Sijajisamehe vizuri kwa hilo, na ninaliandika hapa kwa ajili ya mama mwingine ambaye ana binti aliyebadilika ghafla. Muulize hedhi inachukua siku ngapi. Muulize anabadilisha mara ngapi. Muulize bila haya, na umwambie kwa nini unauliza. Umri huo mwili unarefuka kwa kasi, damu inatakiwa iongezeke ili itoshe mwili mkubwa zaidi, na papo hapo ndipo hedhi inapoanza kuitoa. Mvulana wa umri wake naye anarefuka, lakini hatokwi na kitu.

Alikuwa anakula vizuri, au ndivyo nilivyoamini. Kunde, nafaka, mboga za majani, kila siku. Nyama mara chache. Chuma kimo kwenye mboga na kunde, tena si kidogo, tatizo ni mlango. Chuma cha nyama, samaki na ini hupita utumboni kwa urahisi, pengine asilimia 15 mpaka 35 yake. Chuma cha mimea kinaweza kuishia asilimia 2 tu, na hata siku nzuri hakizidi 20 hivi, kwa sababu kinashikwa njiani na fitati iliyomo kwenye nafaka na kunde, na tanini iliyomo kwenye chai. Nyumbani kwetu chai ilikuwa inanywewa pamoja na chakula. Niliihamisha, sasa ni saa nzima na zaidi baada ya kula, na mahali pake mezani nikaweka tunda lenye vitamini C, ambayo hukifungulia chuma mlango. Kuloweka kunde na nafaka, kuchachusha, kuotesha, vyote vinapunguza fitati. Haya hayahitaji fedha, ndiyo maana nayapigia kelele, lakini nisiwadanganye: familia ambayo mlo wake wote ni nafaka moja mara mbili kwa siku haitaokolewa na kuhamisha chai. Watoto wengi ninaowapima wanafika kwangu saa nne asubuhi hawajatia kitu tumboni tangu jana yake jioni. Hapo sina ushauri wa lishe wa kutoa. Hapo kuna umaskini, na dawa yake ni chakula shuleni.

Malaria nayo. Wengi wanaijua kwa homa, lakini mtoto wa shule aliyekulia kwenye malaria anaweza kubeba vimelea kwa wiki na miezi bila homa yoyote. Anacheza, anaandika, na ndani vimelea vinapasua chembechembe nyekundu. Hata zile ambazo hazina vimelea huvunjwa kabla ya wakati, bandama inavimba kwa kazi ya kuzichuja, na uboho kwenye mifupa unazembea kutengeneza mpya. Chembe nyekundu inapaswa kuishi siku kama 120. Kwa mtoto huyu haifiki.

Isitoshe, mwili wenye vita ndani hufunga chuma. Ini hutoa homoni inayoitwa hepsidini, iliyogunduliwa karibu mwaka 2000, na kazi yake ni kufunga mlango wa utumbo na kuzuia chuma kwenye ghala ili vimelea visikipate. Ni ulinzi wa busara. Lakini mtoto ambaye leo ana malaria, kesho kifua, keshokutwa jipu, ghala lake halifunguliwi kamwe. Unampa kidonge, kinapita. Kisiwani Pemba tena, utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha kwamba watoto wadogo wa chini ya miaka 3 waliopewa chuma na asidi ya foliki kila siku katika eneo lenye malaria kali walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kulazwa hospitali au kufa kuliko wasiopewa. Tangu hapo tunajua: penye malaria, chuma hakiendi peke yake. Kinaenda na vyandarua, vipimo na tiba ya malaria. Mtu anayewagawia watoto vidonge vya chuma barabarani kwa moyo mzuri anahitaji kulijua hili kabla ya kufungua kopo.

Kichocho nitakitaja kwa kifupi. Mtoto anayeoga au kuchota maji kwenye bwawa lenye konokono huambukizwa kupitia ngozi, na baadaye anakojoa damu. Ukimuuliza kama mkojo una rangi nyekundu anakwambia ndiyo, kama mtu anayeulizwa kama jua huwaka mchana, kwa kuwa wenzake wote wanakojoa hivyo. Dawa ipo, prazikwanteli, na dozi yake shuleni hupimwa kwa fimbo ya urefu badala ya mizani.

Halafu wapo ambao damu yao imezaliwa tofauti. Nilipata msichana wa miaka 9 mwenye 7.6, choo safi, malaria hakuna, na kwenye karatasi zake alikuwa amepewa vidonge vya chuma mara nne katika miaka miwili. Mara nne, na hakuna aliyeuliza. Macho yalikuwa na umanjano kwa mbali. Nilipaka damu kwenye slaidi nikaitazama: katikati ya chembe za duara kulikuwa na zingine zimejikunja kama mwezi mwandamo. Selimundu. Alikuwa akilala siku mbili tatu kila mwezi kwa maumivu ya miguu na nyumbani wakidhani ni ya kukua. Mtoto huyu hakuwa na pipa linalovuja wala mlango uliofungwa. Chembe zake zenyewe zilikuwa zinavunjika haraka, na alichohitaji ni kliniki yake ya kudumu, asidi ya foliki, kinga dhidi ya maambukizi na malaria, na mtu wa kumwambia mama yake jina la ugonjwa.

Ninachokiona kwenye haya yote ni umri. Mtoto mchanga ana kadi, anapimwa uzito, mama anaitwa. Mjamzito naye ana kadi, anapimwa damu. Katikati hapo, kuanzia siku mtoto anapomaliza chanjo mpaka siku binti anapobeba mimba, miaka kumi na zaidi inapita na hakuna anayemchoma kidole asipougua. Na upungufu wa damu haumfanyi mtoto augue kwa namna ya kupelekwa hospitali. Unamfanya akae kimya. Darasa la watoto 80, mwalimu mmoja, mtoto anayekaa kimya ni neema.

Ndiyo maana nawaomba walimu kitu kimoja kidogo. Yule anayesinzia, anayepumua kwa nguvu akipanda ngazi, anayechagua kukaa wakati wa michezo, mvute pembeni, fungua kiganja chake uweke kando ya chako, vuta kope la chini uangalie wekundu. Mwenye 10 hutamwona kwa njia hii, macho hayatoshi kwa upungufu mdogo. Lakini mwenye 6 au 7 utamwona, na ukimwona usimpe kidonge. Mpeleke apimwe, na akipimwa uliza majibu ya choo, ya malaria, ya mkojo.

Mvulana wangu wa 6.8 hakuongezewa damu; hospitali iliona moyo wake unahimili. Alipewa albendazoli na vidonge vya chuma, na safari hii niliongea na baba yake mwenyewe kuhusu choo cheusi, nikamwandikia kwenye karatasi. Baada ya mwezi mmoja alikuwa 8.8. Baada ya miezi mitatu, 10.6. Nilirudi shuleni kwao mwezi wa 7 tangu siku ile ya kwanza. Alikuwa uwanjani, sikumtambua mpaka alipoitwa. Alikuja anahema kwa kukimbia, amelowa jasho, akanyoosha mkono kabla sijamwambia. Vidole vilikuwa vya moto. Tone la pili likakaa juu ya ngozi, likanisubiri.

11.3. Miguuni alikuwa na ndala, moja imefungwa kwa waya. Ile njia ndogo ya kichakani bado ilikuwepo, na nimemwandikia mkuu wa shule kuhusu choo kwa mara ya tatu. Nimempa mtoto kikopo kipya, akilete kesho saa mbili, na nimemwomba mwenzangu asinipangie kazi nyingine yoyote saa hiyo.